Mama Consolate na Nyumba Iliyolala Majini

Pale Kalemie, ukiuliza njia ya kwenda kwa notere, mthibitishaji wa hati wa serikali, mtu atakuelekeza vizuri, kisha atakupa pole kabla hujaenda. Si kwamba Mama Consolate, notere huyo, ni mkali. Sauti yake ni ya taratibu, kikwembe chake cha kitenge hakikosi pasi, na akikukaribisha kiti anangoja mpaka ukae ndipo naye akae. Lakini huyo huyo ndiye anayewarudisha watu nyumbani na karatasi zao mkononi bila kashe, yaani muhuri wake, na wengine hurudi wakinung'unika mpaka sokoni.

Kuna bwana mmoja alimletea karatasi ya kuuza shamba, sahihi ya mkewe imekwisha kutiwa. "Muke wangu yuko nyumbani anasonga bukari," alieleza, "lakini mukono ni wake, Mungu ni shahidi." Mama Consolate akamwambia ugali wa bukari hauna miguu ya kukimbia; mama akimaliza kusonga aje mwenyewe. Mwalimu mmoja alileta hati yenye nafasi tupu katikati, eti atazijaza akishajua wamepatana nini. Naye alirudishwa. Kijana kutoka Ankoro alikuja hana kadi wala kitambulisho chochote, ila marafiki wawili waliokuwa wakicheza naye mpira, nao wakaapa kwamba ndiye. Mama Consolate alicheka mpaka akafuta machozi, akamrudisha vilevile. Hata mdogo wake wa tumbo moja, aliyesafiri kwa boti kutoka Moba kwa ajili ya hati ya kiwanja cha familia, alinyweshwa chai, akaulizwa habari za watoto, kisha akaambiwa atafute notere mwingine, kwa kuwa dada hawezi kuwa shahidi wa serikali katika jambo la nduguye. Mdogo wake yule aliondoka chai haijapoa.

Mama Consolate alizaliwa kwenye milima ya juu ya Moba, katika familia ya Kikatoliki iliyolima maharage na viazi. Alisoma kwa masista, akaenda Lubumbashi kusoma sheria, akaolewa na Édouard, fundi wa reli, na ndoa hiyo ndiyo iliyomleta Kalemie. Kazi alijifunza kwa Papa Zacharie, notere mzee aliyemtangulia katika ofisi ile, biro kama waitavyo. Papa Zacharie alikuwa na desturi moja. Kabla hajagusa karatasi, alimgeukia yule mwenye kutia sahihi, akamwuliza, "Uniambie kwa mudomo wako mwenyewe: leo umekuja kufanya nini?" Mtu akieleza jambo lake, hata kwa maneno ya kukwamakwama, kazi iliendelea. Lakini akimtazama mwenzake kwanza kabla ya kujibu, Papa Zacharie alivua miwani yake, akafunika kalamu. Mzee alipostaafu akaenda kupumzika kwao, Mama Consolate alibaki na kiti chake, na swali lake pia.

Basi, katika kiangazi kimoja cha miaka hii ya karibuni, waliingia bironi wanaume wawili. Wa kwanza alikuwa Delphin, komisionere, yaani mtu wa kuwakutanisha wauzaji na wanunuzi wa nyumba na viwanja. Kila mtu mjini alimjua kwa viatu vyake vinavyong'aa hata barabara ikiwa tope tupu. Nyuma yake alikuja mvuvi mmoja mrefu, mabega mapana, kofia mkononi. Huyo aliitwa Siméon. Alikuwa Mbembe wa kule kaskazini ya ziwa. Alifika Kalemie kijana akifuata ndagala, dagaa wa ziwa, akaoa mke kutoka Zongwe anayeitwa Agathe, akakaa. Kanisani kwao alikuwa shemasi.

Delphin aliweka karatasi mezani. Ilikuwa hati ya mauzo ya nyumba, imeandikwa kwa Kifaransa safi. Muuzaji ni Siméon. Mnunuzi ni mtu wa Lubumbashi aitwaye Jean-Luc, ambaye hakuja. Alimpa Delphin mamlaka ya kutia sahihi kwa niaba yake.

"Mama, ni kazi ndogo tu," alisema Delphin. "Wamekwisha kupatana. Tunangoja kashe yako."

Mama Consolate alimgeukia yule mvuvi. "Papa Siméon, uniambie kwa mudomo wako mwenyewe: leo umekuja kufanya nini?"

Siméon alizungusha kofia vidoleni. "Nimekuja kuuza nyumba yangu, Mama."

"Nyumba iko wapi?"

"Anwani iko hapa, Mama," Delphin aliingilia, akinyoosha kidole kwenye karatasi.

"Nimemuuliza Papa."

Siméon akataja barabara yao. Mama Consolate alimtazama vizuri, kwa sababu barabara ile aliijua, na hakuna mtu wa Kalemie asiyeijua. Ilikuwa chini kabisa, karibu na ufukwe, na ziwa lilipopanda miaka michache nyuma liliimeza yote, na nyumba zake, na miembe yake, na kikanisa cha kwenye kona.

"Pale maji hayakufika?" aliuliza polepole.

"Yalifika, Mama."

"Yalirudi?"

"Bado."

Delphin alicheka kidogo. "Mama, maji ni kazi ya Mungu. Parsele, kiwanja chenyewe, haina miguu. Iko palepale, na vipimo vyake viko, na jina la Papa liko. Hakuna uongo hapo."

Mama Consolate alivuta karatasi, akaanza kuisoma kwa sauti, akiigeuza kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi, kwa kuwa mtu hatii sahihi kwa maneno asiyoyaelewa. Alisoma majina, akasoma vipimo vya kiwanja, halafu akafika pale palipoandikwa kwamba juu ya kiwanja kuna nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, mabati mazuri, iko tayari kukaliwa.

"Kukaliwa na nani?" Siméon alitamka kabla hajajizuia. "Labda samaki mikebuka."

Alicheka peke yake, kicheko kifupi, kisha akainamisha kichwa. Hakuna aliyecheka naye. Nje, pikipiki ilipita ikakokota ukelele wake mpaka ukapotea mlimani.

"Haya maneno ni yako, Papa?" aliuliza Mama Consolate.

"Si yangu. Mimi Kifaransa changu ni cha kununulia petroli tu. Lakini nyumba ilikuwa hivyo, Mama. Matofali nilichoma mimi mwenyewe."

"Ilikuwa. Leo sivyo. Huyu Jean-Luc ameambiwa?"

Siméon alitazama sakafu. Delphin alitazama dirisha. Jibu likawa limekwisha kutolewa.

Mama Consolate aliirudisha ile karatasi katikati ya meza. Alisema kwamba hataweka kashe, na akaeleza sababu bila kupandisha sauti. Hati inasema kitu ambacho wote watatu pale ndani wanajua hakipo. Mnunuzi hayupo, na anayemsemea ndiye huyohuyo aliyemtafuta muuzaji na atakayekula kwa pande zote mbili, hivyo hakuna mtu mle ndani anayemtetea. Akaongeza kwamba kiwanja kuuzwa si kosa. Waandike kweli, kwamba kiwanja kimefunikwa na maji, na mnunuzi asikie kwa masikio yake. Kama baada ya hapo bado anakitaka, ataweka kashe siku hiyohiyo.

"Akisikia hatanunua," alisema Delphin.

"Basi umejibu mwenyewe, Papa Delphin."

Delphin alikusanya karatasi zake kwa hasira ya kimya, akatoka. Siméon alibaki amesimama. Alikuwa mtu mpole, lakini siku ile maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Mama," alisema, "tunalala kwa binamu ya muke wangu, chumba kimoja, watu wanane. Nikienda ziwani usiku ninashukuru, kwa sababu ninaachia wengine nafasi ya kunyoosha miguu. Serikali haikutupa hata bati moja. Nimepata muntu wa kununua, na wewe unafunga mulango. Wewe unalala pakavu, Mama."

Akavaa kofia yake, akaondoka.

Maneno yale ya mwisho yalimwingia Mama Consolate kama mwiba wa samaki. Siku nzima alifanya kazi, akapokea watu, akasoma hati, lakini kila alipokaa kimya aliyasikia tena. Jioni mezani alimsimulia mumewe. Édouard alimega bukari, akachovya kwenye sombe ya majani ya mihogo, akatafuna huku akifikiri.

"Yule mutu wa Lubumbashi humujui," alisema mwishowe. "Siméon unamuona. Kama mumoja wao lazima aumie, kwa nini aumie yule ambaye ziwa limekwisha kumuumiza?"

"Siwezi kuchagua nani adanganywe, Édouard."

"Sijasema umechagua vibaya. Ninasema ni yeye njo anayelala chumba cha watu wanane."

Mama Consolate aliosha vyombo mwenyewe jioni ile, ingawa haikuwa zamu yake.

Haikupita wiki, Mama Agathe, mke wa Siméon, akaja bironi peke yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho yasiyokwepa. Alisalimia kwa heshima, akakaa, wala hakuomba kashe.

"Mama notere, mimi sikuja kubishana," alisema. "Sheria ni kazi yako. Lakini ulikatalia kitu ambacho hujakiona. Nimekuja kukuomba uje uone. Baada ya hapo, hata ukikataa tena, moyo wangu utatulia."

Kazi ya notere haikumlazimu kwenda. Mama Consolate aliliangalia rundo la karatasi mezani, akamwambia Evodie, msaidizi wake aliyepokea watu mlangoni, kwamba atarudi baadaye. Akabeba viatu vyake mkononi walipofika mchangani. Siméon alikuwa anawangoja na mtumbwi. Alipomwona notere alishtuka, akamtazama mkewe, akaelewa, akanyoosha mkono kumsaidia kupanda.

Ziwa lilikuwa limetulia asubuhi ile. Siméon alipiga kasia taratibu sambamba na ufukwe, akapita pale ambapo zamani magari yalipita. Miembe iliyokufa ilisimama majini, matawi meupe, na ndege weusi wameyajaza. Kuta za juu za nyumba fulani zilichungulia kidogo. Kisha akaacha kupiga kasia, mtumbwi ukasogea wenyewe, ukatulia.

"Tuko sebuleni," alisema.

Mama Consolate aliinama, akatazama. Maji yalikuwa safi. Chini aliona mstari wa matofali, na kizingiti cha mlango, na samaki wadogo wakipita juu yake kama wageni waliokaribishwa.

"Kile chumba ni cha wasichana," Siméon aliendelea, akionyesha kwa ncha ya kasia. "Pale Agathe alikuwa anakausha mihogo. Jiko lilikuwa huku. Maji hayakuja kama mwizi, Mama. Yangekuja kama mwizi tungepiga kelele. Yalikuja kama jamaa anayesema atakaa siku chache. Yalianza kule kwa choo. Tukachimba kingine. Yakafika jikoni, tukahamishia mafiga mbele. Agathe akasema tuondoke, mimi nikasema yatarudi. Nikaweka mifuko ya mchanga. Siku moja nimetoka kuvua, nikakuta sahani zinaelea, na wanangu wamekaa juu ya meza wanacheka, wanafikiri ni mchezo. Ile siku ndiyo nilipanda juu kung'oa mabati."

"Kwa hiyo mabati pia hayapo," alisema Mama Consolate.

"Niliyauza kwa muntu mumoja wa Niemba. Wakati huo tulikuwa hatuna chakula."

Yalikuwa mabati yaleyale yaliyoandikwa kwenye hati. Mama Agathe alichovya mkono majini, akauacha hapo, kama mtu anayemshika mgonjwa.

Mama Consolate alikuwa amekwenda huku akijiambia kwamba labda akiona, ataona pia njia ya kusaidia. Alichoona ni kwamba kweli ilikuwa kubwa kuliko alivyoidhani, na kwamba hati ile ilikuwa ya uongo kuliko alivyoidhani vilevile. Hakusema lolote juu ya kashe, na wenyeji wake hawakumwuliza.

Siméon aliweka kasia magotini. Sauti yake ilikuwa chini.

"Nilijua yule wa Lubumbashi hajaambiwa. Delphin hakuniambia, lakini nilijua. Sikuuliza kwa sababu nilijua jibu. Jumapili nilisimama kanisani nikaombea wagonjwa, na ile karatasi ilikuwa mufukoni mwangu." Akapangusa uso kwa kiganja. "Tunaweza kumupigia simu huyo Jean-Luc?"

"Mimi siwezi kumupigia kwa ajili yako," alisema Mama Consolate. "Wewe unaweza. Namba yake iko kwa Delphin."

Mama Agathe alitoa mkono majini. "Piga kasia, Papa," alisema.

Delphin hakutaka kuitoa namba. Alisema kuwa Siméon ameloga bahati yake mwenyewe, kwamba samaki akishaingia wavuni hakuna mvuvi anayemfungulia. Lakini Siméon alikaa mbele ya duka ambalo Delphin alifanyia shughuli zake, akakaa tu, mikono magotini, mpaka Delphin akachoka na macho ya wapita njia, akaiandika namba kwenye kipande cha boksi la sigara.

Simu ilipigwa bironi kwa Mama Consolate, maana Siméon alitaka mtu asikie kwamba amesema. Iliita mara nyingi. Mwishowe sauti ya kijana ikaitika, na nyuma yake kelele za magari.

"Mimi ni Siméon wa Kalemie. Muwenye nyumba."

"Ah, Papa! Karatasi zimekwisha?"

"Hapana, mwanangu. Nimepiga kukuambia kitu. Ile nyumba iko ndani ya maji."

"Maji ya mvua?"

"Maji ya ziwa. Imezama. Haina mabati. Hata mimi nikitaka kuiona ninaenda kwa mutumbwi."

Upande wa pili yalisikika magari tu. Siméon alifikiri simu imekatika, akaitazama, akairudisha sikioni.

"Papa," kijana alisema hatimaye, "ile nyumba nilikuwa ninamununulia mama yangu. Alikulia Kalemie. Kila siku ananiambia anataka kuzeeka akisikia ziwa." Akavuta pumzi. "Sasa kwa nini unaniambia? Karatasi zilikuwa karibu kuisha."

Siméon angeweza kusema neno la kishemasi hapo. Alimtazama Mama Consolate, akasema, "Kwa sababu notere alikataa kupiga kashe. Nikakasirika. Halafu nikaona haya. Nisikudanganye: hasira ilitangulia, haya njo ilikuja nyuma."

Jean-Luc hakutukana. Alishukuru kwa ufupi, akasema ataondoa ile mamlaka aliyompa Delphin, akakata. Ndivyo biashara ilivyokwisha. Siméon aliiweka simu mezani taratibu kama yai, akamshukuru notere, akatoka. Mama Consolate alimtazama dirishani akivuka barabara, mabega yake mapana yameinama, akajua kwamba mtu yule anarudi kwenye chumba kilekile.

Muda si mrefu, Siméon na Agathe waliondoka Kalemie. Walikwenda Zongwe kwa ndugu zake Agathe, ambako angalau palikuwa na nafasi ya kujenga kibanda. Habari zilizunguka mjini kama kawaida ya habari. Wauza ndagala walisema Mama notere amewafukuza watu maskini. Wengine, ambao walikuwa na karatasi zao walizotaka zipite haraka, walizidisha chumvi. Mama Consolate alinunua ndagala kwa wanawake walewale, akawasalimu, wakamsalimu, na mambo yakabaki chini ya ulimi. Alipolala usiku wa mvua alisikia maji yakipiga bati lake, akakumbuka aliloambiwa. Hakujuta kukataa, lakini hakupata raha nako. Alikuwa amejua tangu zamani kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa katika moyo mmoja.

Jean-Luc alifika Kalemie mwenyewe mwaka uliofuata, pamoja na mama yake, Mama Julie, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa. Safari hii alitembea kila kiwanja kwa miguu kabla ya kununua. Alichukua kiwanja mlimani, mbali na maji, lakini upepo ukiwa mzuri ziwa husikika. Alipokuja kutia sahihi, Mama Consolate alimwuliza swali lake la siku zote, naye akajibu vizuri. Kisha akauliza, "Yule Papa wa nyumba ya majini yuko wapi?"

"Alihamia Zongwe."

"Ukimuona, umusalimie. Mwambie mama yangu anataka kumujua."

Mama Consolate aliahidi, ingawa hakujua atamwona lini.

Halafu ziwa likaanza kushuka. Halikushuka kwa haraka. Lilirudi kama lilivyokuja, hatua ndogo ndogo, kiangazi baada ya masika. Matofali yakaanza kutoka majini, yamevaa majani ya kijani. Mchanga mpya ukajitandaza mahali ambapo palikuwa na barabara. Na hapo ndipo vurugu ilipoanza, kwa kuwa uzio wote ulikuwa umekwenda na maji, alama za mipaka hazikuonekana, na wenyewe walikuwa wametawanyika huku na kule. Watu wasiojulikana walikuja na miti, wakaisimika mchangani, kila mmoja akidai ni pake. Waliokuwa wameuza kwa bei ya kutupa katika siku za maji walisimama pembeni wakitazama.

Siméon na Agathe walifika kwa boti la asubuhi wakiwa na gunia la samaki wakavu, pamoja na majirani wawili wa zamani. Siméon alikuwa amekonda kidogo, ndevu zimeanza mvi. Waliketi bironi mstari mmoja. Mama Consolate alifurahi kuwaona mpaka alisahau kuwakaribisha maji. Evodie ndiye aliyekumbuka.

"Papa Siméon, leo umekuja kufanya nini?"

Mara hii hakuizungusha kofia. "Nimekuja kuandikisha kwamba parsele yetu bado ni yetu. Sikuuza. Nyumba haiko, ni kizingiti tu na kuta za magotini, uandike hivyohivyo. Na uandike jina la Agathe pamoja na langu. Hawa majirani wanajua mipaka, walikaa kushoto na kuume. Nimeona muti wa muntu umesimama jikoni kwangu."

Mama Consolate alimgeukia Agathe, akamwuliza naye swali lilelile, naye akajibu kwa maneno yake, marefu kuliko ya mumewe. Akachukua vitambulisho vya mashahidi. Cha kwanza kilikuwa sawa. Cha pili alikitazama, akamtazama mwenye nacho, akamtazama Agathe.

"Huyu Papa David ni nani kwako, Mama?"

"Ni jirani."

"Jina la baba yenu ni moja."

Agathe alikohoa. "Ni jirani," alisema, "na pia ni kaka yangu."

"Basi hawezi kuwa shahidi wenu. Mulete mwingine, asiye wa damu."

Evodie aliacha kuandika. Mama Consolate alikirudisha kitambulisho polepole, maana alikuwa amewaza kwa miaka miwili jinsi atakavyomtendea vizuri mtu huyu akimwona tena, na sasa amemrudisha tena.

Ndipo Siméon akaanza kucheka. Alicheka kutoka tumboni, akampiga shemeji yake begani, akacheka tena mpaka David naye akaambukizwa.

"Nilikuambia, Agathe! Nilikuambia kwa boti! Nilisema, huyu mama atakuona!" Akasimama, akifuta macho. "Tunaenda kumutafuta Mama Fortunée. Alikuwa anakaa nyuma yetu, na sisi si ndugu. Hata hatukuwa tunapatana, kwa sababu ya kuku zake."

Mama Fortunée alipatikana, akaja akinung'unika habari za kuku waliopotea kabla ya maji, na akaitaja mipaka yote bila kukosea hata mti mmoja. Hati iliandikwa. Mama Consolate aliisoma yote kwa Kiswahili, polepole: kiwanja, vipimo, kizingiti, kuta za urefu wa magoti, mafuriko, majina mawili. Siméon alitia sahihi. Agathe, ambaye hakusoma shule, aliweka dole gumba, akalipuliza kama linaunguza. Mashahidi wakafuata. Kisha kashe ikashuka.

"Kuna muntu anawatafuta," Mama Consolate alisema alipomkabidhi Siméon nakala yake, akamweleza habari za Jean-Luc na Mama Julie wa mlimani. Siméon alishangaa, akakuna kidevu, akasema atapanda kuwasalimia, na atawapelekea samaki.

Walipotoka, hawakwenda mlimani kwanza. Walishuka ufukweni, wote pamoja na David, na Mama Fortunée nyuma yao akiendelea na maneno yake. Jikoni palipokuwa pa Agathe, Siméon aliung'oa ule mti wa mgeni, akaulaza pembeni bila kuuvunja. Hawakuanza kujenga nyumba. Siméon alisema ziwa ni jirani asiyetabirika, nyumba ya watoto wataijenga huko juu Mungu akijalia. Mahali pale watatengeneza kichanja cha kukaushia ndagala, kitu ambacho maji yakija mtu anakibeba na kuondoka nacho. Agathe alikuwa tayari amevua viatu, anapima kwa hatua zake kichanja kitaanzia wapi.